Mhusika na Pumzi ya Watu: Mhadhara kwa Walimu na Wasomaji wa Rungwe

Nimeombwa nizungumze juu ya uchambuzi wa wahusika na dhamira katika vitabu vyetu vikubwa. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu naamini somo hili tunalifundisha kwa namna isiyolitosha.

Kila mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii anaijua sentensi moja. Mwanafunzi akiulizwa habari za mhusika, huandika jina lake, huandika sifa tatu au nne, kisha hufunga: anafaa kuigwa na jamii. Au: hafai kuigwa na jamii. Akiulizwa dhamira, hupanga maneno kama mafungu ya nyanya sokoni: ukombozi, malezi, mapenzi, umaskini, nafasi ya mwanamke. Majibu ya namna hiyo hupewa alama, wala simlaumu mtoto anayeyaandika, maana sisi ndio tuliomfundisha. Lakini yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hakukifungua kitabu, aliyenunua mwongozo dukani akaukariri usiku wa kuamkia mtihani. Jibu ambalo halimtofautishi aliyesoma na asiyesoma lina kasoro, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Ninachokuja kukisema ni hiki. Mhusika tunamjua pale watu waliomzunguka wanapomwelemea, kwa matarajio yao, kwa sifa wanazommwagia, kwa masengenyo, kwa vitisho, naye akalazimika kutenda. Tendo hilo ndilo mhusika. Na dhamira ni swali ambalo tendo hilo linatuachia tukishafunga kitabu. Kwa hiyo anayetaka kumchambua mhusika aanze na watu wanaomtazama.

Katika kazi hii, ndugu zangu wa Rungwe, hamhitaji kuazima chombo kutoka mbali. Kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi huku wanaanthropolojia wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea kuchapisha waliyoyakusanya pamoja. Kitabu chake juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1951. Majina yao yamo katika maktaba za dunia. Jina la Leonard Mwaisumo, karani wao Mnyakyusa aliyefanya nao kazi ya kukusanya na kuandika maelezo, halikupata heshima hiyo kwa muda mrefu. Yeye alifariki mwaka 1938, angali kijana. Nalitaja makusudi mbele ya watu wa kwao, kwa sababu mengi tunayoyasoma leo juu ya Rungwe ya wakati ule yalipita mikononi mwake.

Katika maandishi hayo kuna jambo ambalo baadhi ya wazee waliomo humu walilisikia kwa babu zao: pumzi ya watu. Mtu akiwavunjia heshima wakwe zake, akimdharau baba yake, akila nyama ya sherehe bila kuwaita majirani, kijiji kilinung'unika. Manung'uniko hayo yaliaminika kuwa na ubaridi. Yalimshukia mkosaji, akaugua yeye au akaugua mwanawe, na tiba yake ilikuwa kuukiri ugomvi, kupatana na kuwalisha watu. Nguvu hiyo ndiyo iliyokilinda kijiji. Kisha wazee walisema neno ambalo kila nikilifikiri naiona akili kubwa iliyolizaa: kwamba nguvu ya mlinzi wa kijiji na nguvu ya mchawi chimbuko lake ni moja. Ikimshukia mwenye kosa, ni haki. Ikimshukia asiye na kosa, kwa kuhusudiwa ng'ombe wake au shamba lake, ni uchawi. Na mgonjwa akiwa bado kitandani, watu waliweza kubishana ni ipi kati ya hizo mbili.

Siileti habari hii ili turudi kutafuta wachawi. Watu wameumizwa vya kutosha kwa tuhuma hizo, na wengi wao ni mama zetu wazee. Naileta kwa sababu ndani yake mna fikra kamili juu ya mtu na jamii: kwamba jamii humponya mtu na humuua mtu kwa nguvu ile ile, na mwenye busara hana budi kuuliza kila mara, katika kisa hiki, pumzi hii ni ya haki au ya husuda? Sijaona swali lililo bora kuliko hilo la kuingia nalo katika riwaya au tamthiliya.

Tulijaribu kwanza kwa Okonkwo. Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 tunayo kwa Kiswahili tangu mwaka 1973, kwa tafsiri ya Clement Ndulute, kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kijana Ikemefuna amelelewa nyumbani kwa Okonkwo, anamwita baba. Inapoamuliwa auawe, mzee Ezeudu anakwenda kumwonya Okonkwo asishiriki, kwa sababu mtoto yule anamwita baba. Angalieni basi: hapa pumzi ya watu, kwa kinywa cha mzee anayeheshimiwa, inamzuia. Hata hivyo anakwenda, na anakata kwa mkono wake, akiogopa kuonekana dhaifu. Kuonekana na nani? Macho anayoyaogopa ni ya aibu ya baba yake Unoka, aliyekwisha kufa akiwa na madeni na zumari lake. Mwanafunzi anayeandika "Okonkwo ni katili, hafai kuigwa" hakukosea, ila ameipita riwaya nzima. Swali ambalo Achebe anatuachia ni zito zaidi: mtu afanyeje ikiwa watu anaowaogopa hawapo tena, na walio hai wanamwambia acha?

Nakaa zaidi kwa Rosa, kwa sababu yeye ndiye anayeonewa kuliko wote katika madaftari ya wanafunzi wetu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku mashuleni, kwa maana hiyo kitabu chenyewe kilionja kile kilichompata binti aliyemo ndani yake. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, huko Ukerewe. Zakaria ni mlevi. Mkewe anajua, watoto wanajua, majirani wanajua. Binti anapopata barua kutoka kwa kijana Charles, baba anampiga vibaya. Wanafunzi wetu huandika hapo, malezi mabaya, wakapita. Mimi nawaomba wasipite. Wamtazame Zakaria kwanza. Mtu huyu hana tena heshima ya kazi, hana heshima ya kilabuni, hana heshima mezani kwa mkewe. Kitu kimoja tu kimebaki ambacho watu wanaweza kukipima wakamhesabia kuwa baba, nacho ni miili ya binti zake. Anaichunga kama mtu anayechunga akiba yake ya mwisho. Fimbo ile, Rosa ndiye aliyepigwa, lakini aliyekusudiwa kuisikia ni kijiji.

Ndipo tunaelewa kinachotokea Rosa akishatoka nyumbani na kwenda kusoma. Hakufundishwa kupima jambo, alifundishwa kuogopa. Hofu ilikuwa ya baba, na baba amebaki kisiwani. Anapofika mahali ambapo hakuna jicho la Zakaria, hana kitu kingine ndani cha kumshika mkono. Wengi wamesema riwaya hii inaonya wasichana. Mimi naisoma kuwa inawaonya wazazi na walimu, na sisemi hivi kwa kumwonea haya mtu: ukimlea mtoto kwa macho yako peke yake, umemlea mpaka pale macho yako yanapoishia, basi.

Na mwisho je? Rosa anarudi kwenye utu uzima, anataka kutulia, anapendwa. Charles anataka kumwoa. Anapogundua kuwa Rosa si bikira, anamwacha, naye Rosa anajiua. Hapa tuulize swali letu la Rungwe bila woga: pumzi iliyomuua Rosa ni ya haki au ya husuda? Wanaume waliomtumia Rosa wanaendelea na maisha yao, hakuna anayewapima. Charles, ambaye kwa barua yake tu binti aliambulia kipigo, sasa amesimama mahali pa Zakaria na kipimo kile kile mkononi. Hilo la Charles kurithi kiti cha Zakaria, naliona ndilo jambo kali kuliko yote katika kitabu. Halimo katika orodha yoyote ya dhamira niliyowahi kuisoma katika miongozo, kwa sababu haliwezi kuandikwa kwa neno moja. Linahitaji sentensi nzima, na msomaji aliyeumia.

Sasa tuache mtu mmoja na nyumba yake, tutazame umati. Mnaikumbuka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Juliasi Kaizari, ya mwaka 1963. Umati unamsikiliza Brutus na kumkubali. Punde tu anasimama Antony, na umati ule ule unakwenda kuchoma nyumba. Walimu wengi huwaacha wananchi wale wasio na majina nje ya orodha ya wahusika, na mimi naona wao ndio wa kuanza nao. Ila aliyelishughulikia jambo hili kwa undani zaidi, kwa lugha yetu na kwa historia yetu, ni Ebrahim Hussein.

Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa historia, mtu wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Vita hivyo vilisambaa kusini vikafika mpaka misheni ya Yakobi, upande wa Njombe, si mbali sana na milima hii. Hussein mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuniwa, tusimchanganye na yule wa historia. Tumshike basi huyu wa jukwaani.

Anapandwa na mzimu Hongo, anatoka na maji ya kinga, anawaambia watu waliogawanyika kwa makabila kwamba sasa ni wamoja. Watu wanainuka. Mpaka hapo pumzi ya watu na pumzi ya Kinjeketile ni moja. Kisha anagundua kwamba katika maneno yaliyotoka kinywani mwake alipopandwa mlikuwa na ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, maana yake kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine. Anashtuka. Anataka watu wangoje. Hawangoji. Neno limekwisha kumtoka, sasa ni lao, na wanalitaka litimie kuliko wanavyomtaka yeye. Sijui katika fasihi ya Kiswahili mahali pengine ambapo upweke wa kiongozi umechorwa hivi, mtu aliyezungukwa na maelfu wanaolitaja jina lake, na hakuna hata mmoja anayemsikiliza.

Mwishoni, vita vimeshindwa, amefungwa, anaambiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Mwanafunzi ataandika, Kinjeketile ni jasiri. Au, Kinjeketile ni mwongo, aliwaponza watu. Majibu yote mawili yanaweza kutetewa kutoka katika maandishi, na hiyo ndiyo sababu ya kuyatilia shaka yote mawili. Tazameni alichokiona yeye pale. Akisema maji yalikuwa uongo, atakuwa amesema kweli kuhusu maji, na papo hapo atakuwa amewapa Wajerumani neno la kuwaambia watoto wa waliokufa: baba zenu walikuwa wajinga, msijaribu tena. Kwa hiyo anaunyamazia ukweli mdogo ili ukweli mkubwa usizikwe. Je, ana haki? Watu walikufa wakiamini maji yale. Mjane wa Matumbi au wa Songea angemjibu nini? Mimi nina maoni yangu: naona amefanya haki, na naona kwamba haki yake haifuti damu. Mwingine katika ukumbi huu ataona tofauti, na tukibishana juu ya hilo mpaka jioni tutakuwa tumefanya uchambuzi wa dhamira kuliko kuandika "ukombozi" mara mia.

Karibu miaka 20 baadaye Hussein aliandika Kwenye Ukingo wa Thim, tamthiliya iliyotokana na kesi iliyotikisa Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Kijaluo ulidai mwili ukazikwe kwao Nyalgunga. Mahakama zilivutana kwa miezi, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Katika tamthiliya mjane anaitwa Martha, marehemu ni Herbert.

Nawaambia wazi kwamba msomaji wa Tukuyu anakiingia kitabu hiki akiwa na akiba ambayo msomaji wa mjini hana. Huku watu wanazikwa nyumbani, kaburi liko migombani, karibu na mlango. Anayefia Dar es Salaam au Mbeya husafirishwa arudi. Mwaka 1939 Godfrey Wilson aliandika makala nzima juu ya mazishi ya Wanyakyusa: kilio cha kina mama, wanaume wakicheza na mikuki, huzuni ikigeuka taratibu kuwa furaha ya walio hai. Kwa hiyo ukoo unaposema katika tamthiliya, huyu ni wetu, mnajua kilichomo ndani ya kauli ile: kaburi ni hati ya ukoo, na msiba ni mahali ambapo watu huhesabiana. Na mjane anapouliza, niliyelala naye, niliyemuuguza, nimekuwa mgeni lini, hilo nalo mnalijua, maana wapo wajane katika wilaya hii waliotolewa nyumbani kabla udongo haujakauka. Mwalimu wa hapa ana darasa linaloweza kuwasikia wote wawili. Asikubali darasa hilo liandike "mgongano wa mila na usasa" likaenda mapumziko. Awaulize: ni nani katika ukoo ule anayenena kwa heshima ya marehemu, na ni nani anayenena kwa mali yake? Wamo wote wawili, na wanatumia maneno yale yale.

Kuna pingamizi najua linakuja, na limekuja kwangu mara nyingi kutoka kwa walimu hodari. Watasema: haya yanawezekana kwa wahusika wenye undani, lakini vipi Shaaban Robert, ambaye majina ya watu wake yanataja tabia zao? Katika Kusadikika, ya mwaka 1951, Waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno. Utamchambua vipi mtu ambaye jina limekwisha kumchambua? Najibu kwamba tunatafuta undani mahali ambapo mwandishi hakuuweka. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Kwa kujitetea anaeleza habari za wajumbe sita, Buruhani na wenzake, waliotumwa nchi mbalimbali wakaleta mambo ya faida na kutupwa gerezani. Karama habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, wala hatakiwi kubadilika. Kinachotakiwa kubadilika ni baraza linalomsikiliza. Yule anayekua katika kitabu hiki ni msikilizaji, na Shaaban Robert, akiandika chini ya serikali ya kikoloni, alijua vema anamtaka msikilizaji gani.

Hapo nagusia jambo la msimulizi, kwa ufupi. Hadithi ya Lwembe wa Lubaga, shujaa wa jadi wa huku, mnayo ninyi. Monica Wilson aliandika masimulizi zaidi ya moja, na hayalingani. Wapo wanaosimulia kwamba machifu waliteremka kutoka Ukinga wakileta moto, chuma na ng'ombe kwa watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Hiyo ni hadithi inayompa chifu haki ya kutawala, na kabla hatujamchambua shujaa wake yatupasa kuuliza ilisimuliwa na nani, ugani kwa nani. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya Lwembe hatashindwa kuuliza juu ya riwaya yoyote duniani.

Yanafundishikaje haya, na muda ni mchache, na darasa lina wanafunzi wengi, na mtihani wa taifa hausubiri? Nimefundisha, najua. Naomba jambo dogo. Katika kila kitabu mwalimu achague tendo moja tu la mhusika mkuu, lile ambalo pasipo hilo kitabu kisingekuwapo: Okonkwo anapokata, Charles anapoondoka, Kinjeketile anapokataa. Darasa likae hapo kipindi kizima. Nani alikuwa akimtazama? Walitaka nini kwake? Walikuwa na haki? Yeye alikuwa na njia nyingine? Wanafunzi waruhusiwe kutokubaliana na mwalimu, mradi kila mmoja aonyeshe ukurasa. Mwanafunzi aliyepita humo hashindwi kujibu swali la mtihani. Atakuwa na hoja zake tatu na mifano yake, na itakuwa mifano aliyoitoa kitabuni.

Wanyakyusa walijenga vijiji vya marika ili vijana wakue wakizungumza na wa rika lao, wakifundishana adabu na hoja kwa mazungumzo. Zana ile bado mnayo. Mnaweza kuwa na vikundi vya kusoma vya vijana Mpuguso, Lutengano, Tukuyu mjini, bila kungoja fedha za mtu. Kitabu kimoja kinatosha vijana kumi, akisoma mmoja kwa sauti.

Kwenu wazee, naomba mwende mashuleni mkasimulie hadithi mnazozijua, kila mmoja kwa namna aliyoipokea, hata kama hailingani na ya mwenzake. Kwenu walimu, acheni kusahihisha kwa alama kamili jibu lisilo na ukurasa. Na ninyi wanafunzi, kitabu mlichopangiwa kisomeni chote mpaka mwisho, ndipo mfungue mwongozo, na mkiufungua mwe tayari kuupinga.